Uzi maalumu: Biashara ya sabuni ya maji kwa mtaji mdogo, kuanzia ndoo ya kwanza hadi mteja anayerudi

Kipimo_Sahihi:

Habari zenu wakuu.

Kila wiki kijana anauliza hapa aanze biashara gani kwa laki moja au mbili, na kila wiki anajibiwa "sabuni ya maji". Jibu si baya. Tatizo ni kwamba anaondoka na orodha ya malighafi tu. Ndoo ya kwanza inatoka vizuri, anaipigia debe kwenye statasi, watu wananunua. Ndoo ya pili inatoka nyepesi kama maji ya mchele. Ya tatu inachuna mikono. Mteja aliyechukua chupa ya kwanza haonekani tena, na kijana anaamini biashara imedoda kwa sababu hakutangaza vya kutosha. Matangazo yalifanya kazi yake. Bidhaa ndiyo iliyowafukuza watu.

Kwa hiyo hapa tuanze na sabuni inayotoka ileile kila ndoo, kisha hesabu, kisha nani auziwe. Matangazo yatakuja baada ya hayo.

Vipimo vya lita 20, sabuni ya vyombo na matumizi ya kawaida:

- Salfoniki (asidi ile nzito ya kahawia), kilo 1
- Slesi (ule ute mweupe unaovutika), kilo 1
- Magadi soda ya viwandani, yaani soda ash, gramu 200
- CDE (kimiminika cha mafuta ya nazi kinachoongeza povu na uzito), gramu 200
- Chumvi, gramu 400, na huenda usiimalize
- Manukato, mililita 30
- Rangi ya kuyeyuka kwenye maji, nusu kijiko cha chai
- Kihifadhi, kwa kipimo cha aliyekitengeneza
- Maji, lita 18
- Karatasi za kupimia pH, yaani ukali wa asidi au magadi (7 ni katikati)

Pima kwa mizani, usipime kwa kikombe. Lita moja ya salfoniki ina uzito unaozidi kilo kidogo, na slesi inashika kwenye kikombe hadi hujui umemimina kiasi gani. Mizani ndogo ya jikoni ya kidijitali ndiyo kifaa cha kwanza kununua, kabla hata ya chupa.

Kazi inaanza usiku. Weka slesi kwenye ndoo, ikate vipande kwa mwiko, mimina maji lita 5, funika uende kulala. Asubuhi imeyeyuka yenyewe. Ukiilazimisha kwa kukoroga kwa nguvu utapata povu juu na mabonge chini, na mabonge hayo ndiyo yale macho ya samaki yanayoonekana ndani ya chupa. Ndoo nyingine yeyusha magadi soda kwenye maji lita 2.

Asubuhi chukua pipa la plastiki la lita 40 au zaidi. Usitumie la lita 20, nitaeleza kwa nini. Weka maji lita 9, kisha mimina salfoniki kwa uzi mwembamba huku unakoroga taratibu. Asidi inaingia kwenye maji, maji hayaingii kwenye asidi. Vaa glovu na miwani, fanyia kazi mahali penye hewa, watoto wawe mbali. Sufuria ya alumini isiguse kazi hii, maana magadi yanaila.

Sasa ongeza maji ya magadi, kikombe kimoja kimoja. Litapanda povu kubwa, kwa sababu asidi na magadi vikikutana vinatoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Ndiyo maana ya pipa kubwa: kwenye ndoo ya lita 20 nusu ya mali yako itamwagika sakafuni. Subiri povu litulie ndipo uongeze kikombe kingine. Ukimaliza pumzisha dakika 15 kabla ya kupima, la sivyo gesi iliyobaki ndani itakudanganya kwamba asidi bado ipo nyingi.

Chovya karatasi. 7 hadi 8, endelea. Chini ya 7, ongeza magadi. Juu ya 8, rudisha salfoniki kidogo kidogo. Kihesabu, kilo moja ya salfoniki halisi hutulizwa na takriban gramu 175 za soda ash, na zile 25 za ziada ndizo zinazokupeleka kwenye 7 na ushee. Lakini salfoniki ya mtaani mara nyingine imechakachuliwa, kwa hiyo karatasi ndiyo hakimu.

Baada ya hapo changanya na slesi ya jana. CDE na manukato vikoroge pamoja kwenye kikombe kwanza ndipo viingie. Manukato yenye mafuta yakiingia peke yake yanaacha ukungu. Kisha rangi iliyoyeyushwa, kisha kihifadhi. Chumvi ndiyo ya mwisho: yeyusha zote kwenye lita 2 za maji, ongeza mililita 100 kwa mara, koroga, subiri dakika 5, tazama uzito. Ikiwa sawa acha, hata kama chumvi imebaki nusu.

Funika saa 24 kabla ya kufungasha. Ukifungasha na povu, kesho chupa zote zimeshuka shingo na mteja anaona amepunjwa.

---

Dada_Neema_M:

Asante mkuu kwa uchambuzi. Swali: yangu ilikuwa nzito, nikaongeza chumvi iwe nzito zaidi, ikageuka maji kabisa. Nikaongeza tena chumvi, hakuna kitu. Imeharibika au inaokolewa?

---

Kipimo_Sahihi:

Inaokolewa dada. Hili ndilo kosa linalomwaga ndoo nyingi kuliko yote, acha nilieleze vizuri.

Chembe za sabuni ndani ya maji zinajikusanya vikundi vikundi. Chumvi inavifanya vikundi hivyo virefuke kama minyororo inayosokotana, ndipo sabuni inakuwa nzito. Ukipita kiwango, minyororo inavurugika na sabuni inarudi kuwa nyepesi, mara nyingi na ukungu juu yake. Kwa hiyo sabuni nyepesi ina maana mbili zinazopingana: chumvi haijatosha, au chumvi imezidi.

Namna ya kujua ni rahisi. Chukua glasi ya sabuni yako, ongeza maji vijiko viwili, koroga. Ikizidi kuwa nyepesi, chumvi ilikuwa haijatosha. Ikiwa nzito ghafla, chumvi ilizidi. Hapo unaokoa kwa kuongeza maji kidogo kidogo pamoja na slesi iliyokwishayeyushwa, robo kilo kwa ndoo ya lita 20, hadi irudi.

Andika umetumia mililita ngapi za maji ya chumvi. Namba hiyo ndiyo siri ya biashara yako, kuliko jina na lebo.

---

Mwana_wa_Mwambao:

Niongeze hapo kwenye chumvi. Kwa walioko Dar, Zanzibar, Tanga na pwani yote, visima vingi vina maji ya chumvi au magumu. Ukitumia maji hayo umeshaweka chumvi kabla hujaanza, kwa hiyo gramu 400 za mwenye maji ya mvua kwako zitaharibu ndoo. Na maji magumu yana kalsiamu inayoshikana na salfoniki, sabuni inakuwa na ukungu na povu linapungua.

Tafuta chanzo kimoja cha maji ukishikilie. Maji ya bomba leo, kisima kesho, ni bidhaa mbili tofauti zenye lebo moja. Kama kisima ndicho pekee ulicho nacho, weka EDTA, dawa inayoikamata kalsiamu hiyo, gramu 20 kwenye maji kabla ya kitu kingine, na fanya jaribio la lita moja kwanza: kila kipimo gawanya kwa 20.

---

Ngomeni_001:

Salamu kutoka Mombasa. Kwa wasomaji wa huku Kenya, hiyo slesi ndiyo tunaita ungarol, msije mkaambiwa dukani haipo.

Na tahadhari moja kuhusu magadi. Magadi ya kupikia maharage, yale mabonge ya kijivu ya sokoni, si soda ash ya viwandani. Ni mchanganyiko wenye bikaboneti, maji, udongo na chumvi ndani yake, na kiasi kinatofautiana bonge kwa bonge. Ukipima gramu 200 za hayo hujui umeweka nguvu gani, na chumvi yake inaingia kwenye hesabu ya uzito bila wewe kujua. Nunua unga mweupe uliofungwa, wenye jina la mtengenezaji.

Lile la kukoroga upande mmoja tu ati sabuni isikatike, liacheni. Upande hauna neno. Kinachoharibu ni kasi, maana kasi inaingiza hewa.

---

Juma_Kijiweni:

Vipi kuhusu formalini kama kihifadhi? Semina niliyohudhuria walisema vifuniko viwili kwa ndoo.

---

Kipimo_Sahihi:

Achana nayo, mkuu. Formalini ni formaldehaidi ndani ya maji, na wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, IARC, uliiweka mwaka 2004 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Anayeivuta zaidi ni wewe unayeinama juu ya pipa kila wiki.

Ulizia kihifadhi cha isothiazolinoni. Chenye nguvu ya asilimia 1.5 kinatosha mililita 20 kwa lita 20. Usizidishe, kinawasha ngozi. Wengine watakuuzia sodiamu benzoeti kwa sababu ni rahisi, lakini hiyo inafanya kazi kwenye vitu vichachu. Kwenye sabuni ya pH 7 hadi 8 hailindi chochote, na baada ya wiki kadhaa chupa inaanza kunuka.

Na tukiwa kwenye usalama: jiki isikaribie pipa lenye salfoniki. Asidi na jiki vinatoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaunguza mapafu. Anayetaka sabuni "inayong'arisha zaidi" asitafute njia ya mkato kwa kuchanganya vitu hivyo.

---

Daftari_Kwanza:

Nachukua upande wa hesabu. Bei nitakazoweka ni za mfano ili muone njia. Weka za sokoni kwako.

Chukulia malighafi ya lita 20 ni 28,000. Nauli ya kufuata mzigo Kariakoo na kurudi 5,000. Ujira wako 8,000, na huu uandike hata kama hujilipi leo, kwa sababu siku ukimwajiri mtu hautatokea hewani. Jumla 41,000.

Ukifungasha chupa za nusu lita 40: chupa 350 kila moja ni 14,000, lebo 150 ni 6,000. Jumla sasa 61,000. Moja weka akiba ya kumbukumbu, moja hesabu imemwagika au imebonyea. Zinauzwa 38. Gawanya: kila chupa imekugharimu kama 1,605. Ukimuuzia mwenye duka kwa 1,900 unapata 72,200, faida 11,200. Na umejaza chupa 40, umebandika lebo 40, umetembea maduka manne au matano.

Sasa ndoo ileile iweke kwenye madumu manne ya lita 5. Dumu 1,500, lebo 150, jumla 6,600. Gharama yote 47,600. Uza dumu 15,000, unapata 60,000, faida 12,400. Wateja wanne tu. Na raundi ya pili mteja akirudisha dumu lake ukamjazia, zile 6,000 za madumu zinabaki mfukoni, faida inafika 18,400 kwa kazi ndogo zaidi.

Kijana anaona chupa ndogo ina bei nzuri kwa lita, 3,800 dhidi ya 3,000, anakimbilia huko. Lakini kwenye kila chupa, shilingi 500 ni plastiki na karatasi. Unamfanyia kazi muuza chupa.

Ushauri wangu: ndoo tano za kwanza ziwe za madumu. Chupa zije baadaye kama njia ya kujulikana, si kama njia ya kula.

---

Dada_Neema_M:

Hapo nimeelewa. Sasa madumu hayo namuuzia nani, maana watu wa majumbani wanataka ya buku?

---

Mama_Madumu:

Mwanangu, tazama nani anaosha kitu kutwa nzima. Mama lishe. Saluni. Wa kuosha magari. Shule yenye mabweni, zahanati, mgahawa, msikiti na kanisa lenye vyoo vya waumini. Hao hawanunui ya buku, wananunua kwa dumu, na wakizoea hawahami ovyo.

Kila mmoja ana saa yake. Kwa mama lishe usiende saa sita mchana, anapakua, atakujibu "njoo kesho" ili uondoke. Nenda saa tisa, saa tisa na nusu, masufuria yakiwa yamerundikwa. Shikamoo kwanza kama amekuzidi umri, kisha usiongee sana. Omba sufuria moja lenye mafuta yaliyoganda, chukua sabuni yako kijiko kimoja kwenye beseni la maji ya baridi, osha mbele yake. Pitisha kidole kwenye ukingo wa sufuria, ule mstari wa juu mafuta yanapojificha. Kikilia "kwi", umeshamaliza maelezo. Mwachie mililita 200 bure, urudi siku ya tatu. Usirudi kesho yake, hajamaliza, na usirudi baada ya wiki, amesahau.

Saluni wao wanaangalia taulo na harufu. Wa magari wanaangalia povu na kama inaacha alama kwenye rangi ya gari ikikaukia juani. Sabuni ile yenye chumvi nyingi inaacha. Kwa hiyo usiseme "sabuni yangu inafaa kila kitu". Mjibu kila mmoja kwa shida yake.

Kisha andika dumu la kwanza limekwisha baada ya siku ngapi. Mama lishe huyu siku tisa, saluni ile siku kumi na sita. Mpigie siku mbili kabla: "Mama, naona dumu linaelekea mwisho, nilete keshokutwa?" Huyo hamtafuti mwingine.

---

Juma_Kijiweni:

Na maduka ya mtaani? Wengi wanataka uwaachie mzigo kwanza, walipe ukiisha.

---

Mama_Madumu:

Hiyo mali kauli ndiyo iliyoua vijana wengi. Chupa 24 kwa maduka matano ni chupa 120, zaidi ya ndoo tatu, na kwa hesabu ya Daftari hapo juu si chini ya 183,000 imelala kwenye rafu za watu. Wewe huna hela ya kutengeneza nyingine, na mwenye duka hana haraka.

Usikatae kabisa, maana kuna mitaa ambayo bila hivyo huingii. Weka masharti. Duka moja chupa 6 tu. Andikeni kwenye madaftari yote mawili, lako na lake, akatie sahihi. Mzigo wa pili unashuka baada ya hela ya wa kwanza kutoka yote, si nusu. Akikwambia bado ziko mbili, zihesabu rafuni mbele yake, chukua hela ya nne, zile mbili zipanguse vumbi uziweke mbele. Wiki tatu zikipita chupa sita hazijaisha, hilo duka si lako, chukua mzigo wako kwa heshima uondoke.

---

Sauti_ya_Soko:

Kwa kuwa bidhaa na mteja vimeelezwa, tuje kwenye kutangaza.

WhatsApp Business ni bure, tumieni hiyo na si ya kawaida. Weka katalogi yenye bidhaa tatu tu, kila moja na bei. Ukificha bei na kuandika "njoo inbox", wengi hawaji. Kuna sehemu ya kuwapa wateja alama za rangi: weka "anajaza wiki hii", "anajaza wiki ijayo", "anadaiwa". Hiyo ndiyo kazi anayoisema Mama Madumu, ila ipo kwenye simu.

Ile orodha ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi inabeba watu 256, na inamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Vijana wanatuma kwa mia mbili, wanafikiwa kumi na watano, wanasema WhatsApp haina maana. Ukimkabidhi mteja dumu, mwambie palepale, "Hifadhi namba hii, uandike Sabuni na jina langu." Subiri aandike ndipo uondoke.

Jiandikishe kwenye ramani ya Google, nayo ni bure, ili anayetafuta sabuni mtaani kwenu akuone na njia ya kufika.

Video: sekunde 20, sufuria moja chafu, mkono mmoja, hakuna muziki wa kelele. Piga asubuhi kivulini. Chupa ya sabuni ikipigwa juani inang'aa hadi rangi haionekani. Weka kitu nyuma chenye rangi moja, hata kanga iliyokunjwa upande usio na maandishi.

Tangazo la kulipia liwe la mwisho, na usichague "Tanzania" wala "Dar es Salaam". Mtu wa Mbagala hatapokea dumu kutoka Tegeta, nauli inazidi faida. Chora duara la kilomita tatu hadi tano kutoka unapotengenezea. Pima kwa madumu yaliyouzwa, usihesabu waliopenda picha. Tangazo la 10,000 likileta dumu moja lenye faida ya 3,100, umepoteza, isipokuwa mteja huyo anajaza kila mwezi. Ndiyo maana huwezi kujua kama tangazo limelipa bila daftari la wanaorudi.

Na msiandike "inaua vijidudu asilimia 99" kama hamna cheti cha maabara. Hiyo ni ahadi usiyoweza kuithibitisha.

---

Karani_Mstaafu:

Upande wa makaratasi, kwa Tanzania, mpangilio usiokurudisha nyuma ni huu. Namba ya NIDA kwanza, bila hiyo hakuna kinachoendelea. TIN kutoka TRA haitozwi chochote. Jina la biashara lisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kupitia mtandao wao, na ufanye hivyo kabla ya kuchapa lebo. Kuna wanaochapa lebo elfu moja, kisha wanakuta jina lina mwenyewe. Leseni ya halmashauri inaombwa kwenye mfumo wa TAUSI.

Kodi: kwenye makadirio ya mfanyabiashara mdogo, mauzo ya mwaka yasiyozidi 4,000,000 hayatozwi kodi ya mapato, na kupanda juu ya hapo mwenye kumbukumbu anakadiriwa tofauti na asiye nazo. Daftari linalosisitizwa hapa ni hela pia mbele ya ofisa wa kodi. Tenga lipa namba ya biashara na laini yako ya nyumbani. Zikichanganyika, hata wewe mwenyewe hutajua mauzo ni yapi.

Alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango: mjasiriamali mdogo anaanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kupata barua ya utambulisho, ndipo anaomba TBS. Kwa wadogo kuna nafuu ya gharama, ulizia SIDO ya mkoa wako. Wakaguzi wataangalia mahali unapotengenezea, kwa hiyo chumba cha kulala hakifai. Tenga hata kibanda chenye sakafu ya saruji, maji na rafu.

Nusu lita maana yake mililita 500, Wakala wa Vipimo wana sheria juu ya hilo. Supamaketi zitadai msimbo wa mistari, unapatikana GS1 Tanzania na unaanza na 620. Usinunue wa mtu mtandaoni.

Mtaji: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inakopeshwa bila riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Wanawake na vijana wanaomba wakiwa kikundi. Lakini nendeni na daftari la miezi mitatu mkononi, si na wazo.

---

Mwana_wa_Mwambao:

Hili sijaona limeguswa na linanikera sana: chupa za maji ya kunywa na za juisi zilizookotwa. Sabuni ya rangi ya chungwa ndani ya chupa ya juisi, mezani, mtoto ana kiu. Jamani, hapana. Faida ya shilingi 350 haistahili hilo. Kama mteja analeta chombo chake, kiwe dumu, na ubandike lebo yako juu yake kila mara unapojaza. Lebo iwe na jina la bidhaa, ujazo, kilichomo, namna ya kutumia, "isinywewe, weka mbali na watoto", jina na simu yako, tarehe, na namba ya ndoo.

---

Dada_Neema_M:

Namba ya ndoo ni ya nini?

---

Kipimo_Sahihi:

Kila pipa unalotengeneza lipe namba, 001, 002, na kuendelea. Kwenye daftari, mbele ya namba hiyo, andika tarehe, salfoniki ya duka gani, pH iliyotoka, mililita za maji ya chumvi, na maji ya chanzo gani. Chupa moja ya kila ndoo kaa nayo kivulini. Mteja akipiga simu kwamba sabuni imebadilika, unamuuliza namba, unatoa chupa yako ya namba ileile, unatazama. Kama yako ni nzima, labda mtu ameongeza maji njiani. Kama na yako imebadilika, unawapigia wote waliochukua ndoo hiyo kabla hawajakupigia wao, na unawabadilishia.

---

Juma_Kijiweni:

La mwisho kwangu wakuu. Nikipata oda ya shule, lita 100, nazidisha kila kitu mara tano?

---

Kipimo_Sahihi:

Zidisha vyote isipokuwa chumvi. Salfoniki kilo 5, slesi kilo 5, soda ash kilo 1, CDE kilo 1, maji hadi lita 90. Lakini chumvi anza na nusu tu ya hesabu ya mara tano, maana kwenye pipa kubwa mwiko haufiki chini vizuri: juu inaonekana nyepesi wakati chini imeshapita kiwango. Koroga dakika 10 kila ukiongeza, chota sampuli kutoka chini kwa bomba la plastiki, si kutoka juu. Povu la magadi nalo litapanda zaidi, kwa hiyo tafuta pipa la lita 200, na maji ya magadi yaingie kwa saa nzima, si dakika kumi. Na hakikisha shule imelipa nusu kabla hujanunua hata gramu moja ya malighafi, nusu iliyobaki ilipwe siku ya kupokea mzigo.